Kuhusu wale wauguzi wa lokamu

Birmingham, 12 Januari 2025

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Barua yako nimeisoma mara mbili na tangu jana sijatulia. Unasema mkurugenzi wa hospitali yenu anataka nafasi tano za wauguzi zibaki wazi, na mkipungukiwa muwaite wa lokamu, yaani wauguzi wa muda, walipwe kwa zamu, kwa kuwa hawadai likizo wala pensheni. Naomba usimkubalie kabla hujanisikiliza. Mimi mwenyewe nilikuwa lokamu miaka miwili kabla ya kuajiriwa.

Usiku mmoja wakala, yaani kampuni inayotupangia zamu sisi malokamu, alinipeleka hospitali ambayo sikuwahi kuikanyaga. Nilipokea ripoti saa moja unusu, nikakabidhiwa wagonjwa wanane. Saa tisa usiku mzee wa kitanda cha 14 akaanza kuhema kwa shida, midomo ikabadilika rangi. La kufanya nilikuwa nalijua, Rehema, tulifunzwa pamoja pale chuo cha tiba cha KMTC Mombasa. Lakini barakoa ya oksijeni iko wapi? Droo ya kwanza, bandeji. Ya pili, glavu. Ya tatu, makaratasi. Msaidizi wa wodi, mama wa makamo aliyezeeka na wodi ile, ndiye aliyekuja mbio nayo mkononi. Mzee alipona, alhamdulillahi, ila droo zile naziona mpaka leo. Nilipoingia zamu hakuna aliyenitembeza wodini hata dakika tano.

Na kuna mzigo usioonekana kwenye ankara. Wodi kadhaa nilizopita, muuguzi wa wakala haruhusiwi kutoa dawa za mshipa mpaka vyeti vyake vihakikiwe. Kwa hiyo muuguzi wa kudumu anatoa za wagonjwa wake na za wangu. Nimemwona dada mmoja na trei mbili za antibiotiki, dawa za saa nne usiku akizimaliza karibu saa sita. Huyo ndiye mliyebaki naye, na huyo ndiye anayechoka. Akijua kwamba mimi kwa zamu ileile nalipwa zaidi yake, naye anaacha kazi anaenda kwa wakala. Pengo moja linakuwa mawili.

Huku England serikali iliweka kikomo cha malipo ya wakala Novemba 2015, na kuanzia Aprili 2016 yasizidi asilimia 55 juu ya mshahara wa kawaida. Hata hivyo, mwaka wa fedha 2022/23 hospitali za NHS, huduma ya afya ya umma huku, zilitumia takriban pauni bilioni 3.5 kwa wafanyakazi wa wakala wa kada zote. Kikomo hakikuondoa uhaba, na mwenye wodi tupu usiku atalipa tu.

Lakini mtu asikwambie lokamu ni muuguzi duni, hilo linaniuma. Linda Aiken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliandika mwaka 2007 kwamba elimu ya wauguzi wa muda haikuwa chini ya ile ya wa kudumu, na kwamba kasoro zilizohusishwa nao zilifungamana zaidi na mazingira mabaya ya kazi katika hospitali zinazowategemea sana.

Toa rota, ratiba za zamu, za miezi sita iliyopita uzihesabu. Nesi akijifungua, au homa ikiwaangusha watatu kwa mpigo, hapo lokamu ni msaada wa kweli. Ila pengo la Jumamosi usiku likijirudia kila mwezi, hiyo ni nafasi ya mtu wa kuajiriwa. Wale mtakaowaita wawe walewale, wanaoijua wodi, na waonyeshwe troli ya dharura kabla ya kushika faili lolote.

Mkutano ni Alhamisi, sivyo? Nitakupigia Jumatano usiku tuzipitie hesabu pamoja. Nisalimie mama na watoto.

Shoga yako,
Saida