Mama, kihamba cha Deo si cha Baba Mdogo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limekupa nafuu. Mimi sijambo. Baridi ipo, kazi ipo, tuyaache hayo.

Ujumbe wa Baba Mdogo nimeupata, na ile orodha yake ndefu ya sherehe ya mdogo wangu Deo: ndafu wawili, mbege, turubai, muziki, na chini kabisa "pikipiki ya bruda wetu". Nilicheka peke yangu ndani ya basi. Kicheko kikaniisha Eliza aliponisimulia maneno ya Baba Mdogo kikaoni, kwamba Deo ni bruda tu, kakosa upadri kaambulia kamba kiunoni.

Mwambie wewe, Mama, maana nikimpigia mimi tutavunjiana heshima. Deo hakuwahi kuomba upadri. Upadri ni daraja, mtu anapewa na askofu. Utawa ni mtu kujifunga kwa nadhiri: ufukara, useja na utii, ndiyo yale mafundo matatu kwenye kamba anayoicheka. Wapo wenye vyote viwili. Wazungu wa Roho Mtakatifu walioanzisha misheni ya Kibosho mwaka 1893 walikuwa watawa, na mapadri wao walibaki watawa vilevile. Paroko wetu ni padri wa jimbo: alimwahidi askofu utii na useja, lakini nadhiri ya ufukara hana, ndiyo maana ana pikapu na ng'ombe wake wa maziwa, wala hajakosea. Na Fransisko wa Asizi, ambaye Wakapuchini wote, shirika la Deo, ni watoto wake, alikufa mwaka 1226 akiwa shemasi, si padri. Baba Mdogo akamwambie na yeye kwamba alifeli! Mbona Mama Mkubwa, sista wa Huruma, hamwambii hivyo? Anamwogopa.

Tena Deo amemaliza mwaka wa unovisi, ule wa majaribio, akaweka nadhiri za muda, akazirudia. Kanisa halimpi mtu za daima kabla hajaishi za muda miaka 3 walau. Pikipiki nayo, hata nikiinunua leo, haitakuwa yake. Anachopewa mtawa wa aina yake kinaingia shirikani, na mkubwa wa nyumba ndiye anayepanga nani aiendeshe. Akihamishwa kesho anaondoka na begi.

Ila najua pikipiki ni kelele tu. Shida ni kihamba, shamba letu la nyumbani. Deo ndiye kitinda mimba, nyumba ya marehemu Baba ni yake, Umbwe nzima inajua. Mkapuchini kabla ya nadhiri za daima anaachia mali yake yote, kwa maandishi, na yanatakiwa yashike hata kwa sheria ya nchi. Anayechagua zimwendee nani ni yeye mwenyewe. Baba Mdogo amesikia neno "ufukara" akaona limetamkwa kwa ajili yake. Eliza anasema ameshapanda masale mapya ya mpaka upande wetu wa mfereji, usiku, na asubuhi udongo wa jembe ulikuwa bado mbichi. Mtu mzima!

Deo ameniambia kwa mdomo wake kwamba atakuandika wewe. Wataleta hoja kwamba wewe ni wa kuolewa tu pale. Waache waseme. Mwendeni mwanasheria Moshi mjini, gharama zote juu yangu.

Na uwezo ninao, Mama. Nimefaulu ule mtihani! Sasa ni nesi kamili kwa cheti cha Wajerumani, zamu ya usiku wodi nzima iko chini yangu, na daktari akija anaanza kuniuliza mimi. Wasalimie wale waliosema naenda kufua mashuka ya wazee. Jumapili nikajipongeza kwa mtori. Ndizi mbichi nilizozipata kwenye duka la Waasia zikageuka nyeusi sufuriani, nyama haina mafuta, nikala hivyo hivyo huku machozi yananitoka. Usimwambie mtu. Kukiwa kweupe asubuhi, Kibo inaonekana vizuri siku hizi? Nitumie picha, ile ya kutokea jikoni.

Pesa natuma Ijumaa kwenye simu ya Eliza, si ya Baba Mdogo. Ndafu mmoja anatosha, mbege mtapika wenyewe. Na yale masale yang'olewe mchana, mbele ya balozi, kabla Deo hajaja likizo.

Mwanao,
Rose