Barua kwa mwanangu: kuhusu ile V

Mwanangu,

Assalam alaikum mama. Zile picha za karatasi zako za skoo nimezipata zote, nimekaa nazo hapa barazani tangu alasiri na bodi yetu ya Scrabble, ile gemu ya kupanga herufi ziwe maneno ya Kiingereza, nimeitandika mezani nikazipanga mechi zako upya moja moja. Chini ya ile ya mwisho nimeona umeandika "herufi mbaya, sina bahati". Hapo ndo nikasema lazima nikuandikie, manake kwa simu utanikatiza na haya mambo yataka utulivu.

Kwanza hongera. Kushinda mechi 5 kati ya 8 kwenye tonamenti yako ya kwanza ya wakubwa si jambo dogo, na mimi nimefurahi sana, hilo lisikupotee katika haya nitakayosema.

Sasa turudi kwa ile mechi ya mwisho. Nimeipanga mpaka pale ulipokuwa na A E I N R T V. Kwenye bodi kuna AMP imekaa peke yake upande wa kushoto na kimraba mbele yake kiko wazi. Mfuko una herufi kama 40 hivi, wewe uko mbele kwa pointi 8, na umeniambia saa yako ilikuwa bado na dakika 14. Ukaiona RAVINE. Neno zuri, lilikaa vizuri, likakupa pointi 26, ukaandika ukabonyeza saa. Ukabaki na T moja rakini, kile kibao cha kushikia herufi zako saba. Ukatia mkono mfukoni ukavuta sita, zikaja I mbili, U mbili, O na W, na hapo mechi ikaanza kukuponyoka, ukabadilisha herufi ukapoteza zamu, mwenzako akashuka na bingo, yaani akamwaga herufi zote saba kwa zamu moja, mwisho ukafungwa kwa pointi 12.

Naelewa kwa nini umesema bahati. Lakini hebu nifuate hapa taratibu.

V ndo herufi sugu kuliko zote kwenye hii gemu kwa sababu moja tu, hakuna neno hata moja la herufi mbili lenye V. Q ina QI, Z ina ZA, X ina karibu kila irabu, V haina kitu. Kwa hivo ukiwa nayo roho inataka kuitoa, na hilo ni sawa, ulifanya sawa kutaka kuitoa. Ila uliitoa na wenzake watano wazuri. Angalia ukiivua V peke yake kinabaki nini: A E I N R T. Hiyo ni RETINA mwanangu, ile tuliyoikariri pamoja kwenye basi la Nairobi! Ongeza G upate GRANITE, ongeza P upate PAINTER, D TRAINED, C CERTAIN, L LATRINE, M MINARET, hata zile herufi ngumu kina K na F na H zinaingia, KERATIN, FAINTER, HAIRNET. Na ile AMP ilikuwa imekaa pale inakungoja, unaweka V mbele tu inakuwa VAMP, pointi 11, unavuta herufi moja, na zamu inayofuata uko na nafasi kubwa mno ya kumwaga zote saba na kuchukua ile bonasi ya 50 juu.

Najua utaniambia baba, 11 na 26 ni tofauti ya 15. Ni kweli. Hizo 15 unazilipa, si za bure. Lakini unazilipa ili ununue kitu, na kitu chenyewe ni ile zamu ya mbele ya pointi 70 na kitu. Na kuna lingine ambalo naona wengi hawalitilii maanani, ukicheza RAVINE unavuta sita kwa upofu, ukicheza VAMP unavuta moja. Unasema herufi mbaya zilikujia, ni kweli zilikuja, lakini wewe ndo uliyezifungulia nafasi sita.

Sikatai kwamba ungeweza kucheza VAMP ukavuta Q, au mwenzako akashtuka, kwa nini huyu ameweka herufi moja tu, huyu anavua bingo, akaanza kuziba bodi. Inawezekana kabisa na ungefungwa vilevile. Na mimi ningekuwa nimekaa hapa nakuandikia kwamba ulicheza sawa. Nataka sana ulishike hili, uamuzi upime kwa kile ulichokuwa unakijua wakati mkono wako uko juu ya raki, usiupime kwa kile kilichotoka mfukoni baadae. Mechi yako ya 3 umeshinda na umeichorea nyota, lakini kule uliweka neno ambalo si neno na mwenzako akaogopa kulichalenji, yaani kudai likaguliwe. Mlikuwa mnacheza kwa sheria ya kukatwa pointi 5 ukichalenji vibaya. Pointi 5 ni nini mbele ya neno la 70? Siku nyingine mtu atakubali kuhatarisha hizo 5 na neno lako litatolewa na zamu imekwenda. Ile nyota ifute.

Halafu nikaja kwa mechi ya 6 na hapo, wallahi, nilisimama. Nikamwita mamako aje aone. Mfuko umekwisha, umekuwa ukikata kwenye karatasi kila herufi iliyotoka mstari mmoja mmoja, unajua kabisa Q iko kwake. Na kwenye bodi nzima palikuwa na pahala pamoja tu pa kuiweka, kabla ya ile I iliyokuwa chini kulia. Ulikuwa na neno la pointi 22 kule juu. Ukaliacha! Ukaweka H pale kabla ya I na E chini yake, HI na HE, pointi 10, ukaziba. Akabaki na Q mkononi mpaka ukamaliza, ukapewa thamani yake mara mbili, 20, na zile pointi alizokuwa anazipigia hesabu kwa QI hakuziona. Mtu mzima wa miaka 20 kwenye hii gemu angejivunia ile zamu.

Unaona sasa kwa nini ile RAVINE imenisumbua? Ni mchezaji yuleyule, siku ileile. Kwenye mechi ya 6 ulijiuliza yeye ana nini na mimi nikishacheza nitabaki na nini. Kwenye mechi ya 8 ulijiuliza nitapata ngapi tu.

Nadhani najua sababu. Babu yako alikufundisha bao kabla mimi sijakufundisha hii, na kwenye bao kila kitu kiko mbele ya macho, kete 64, mashimo 32, hakuna lililofichwa isipokuwa akili ya mwenzako. Mfuko ukiisha na ukiwa umekata herufi zako sawasawa, hii gemu inageuka bao, na hapo wewe uko nyumbani kwenu. Shida yako ni wakati mfuko umejaa. Hapo nahisi unasema ah, sioni, basi nichukue pointi niende. Lakini mfuko si giza totoro mama. Herufi ni 100, na unajua E zilianza 12, I 9, U 4, S 4 tu, blanki 2, zile tupu zinazosimama badala ya herufi yoyote. Ukiangalia bodi uone U zote nne hazijatoka na wewe unavuta sita, ulishajua kuna hatari ya U kuja. Nimehesabu kwenye bodi yako zamu ile, U hakuna hata moja iliyokuwa imetoka. Hata moja! Hiyo ilikuwa mbele ya macho yako kama kete.

Unamkumbuka yule Mnaijeria Wellington Jighere, aliyechukua ubingwa wa dunia 2015 kule Perth, Australia, Mwafrika wa kwanza? Fainali alimfunga Muingereza Lewis Mackay mechi 4 kwa 0. Watu wakitaja neno lake la ile mechi ya mwisho wanataja FELTY, herufi tano, pointi 36. Si bingo. Wanaijeria wamejijengea jina kwa hilo, wana maneno marefu vichwani kuliko watu wengi lakini hawaoni haya kuweka neno la herufi nne au tano likiwa ndo linaloacha raki imetulia na bodi imebana. Na Nigel Richards wa New Zealand, bingwa wa dunia mara tano, aliyechukua ubingwa wa Kifaransa 2015 na hajui kuongea Kifaransa, yule maneno ameyameza yote. Mimi na wewe hatutayameza yote. Lakini kuuliza nitabaki na nini hakuhitaji kamusi nzima, kunahitaji sekunde 30, na wewe ulikuwa na dakika 14.

Kwa hivo nakuomba zoezi moja kabla ya tonamenti ya mwezi ujao. Kila zamu, ukishaliona neno, usiliweke. Kwanza zitenge pembeni ya raki zile herufi zitakazobaki, zitazame. Zina irabu na konsonanti kiasi? Kuna mbili zinazofanana? S inaondoka kwa faida gani? Mimi S siitoi kama hainiongezei pointi 8 hivi zaidi ya neno nisilotumia S, na blanki siitoi chini ya 25 au 30, labda mwisho wa mechi. Halafu ndo uamue. Mwanzo utaona unachelewa, saa itakusumbua, na dakika ukizipitisha zile 25 ni pointi 10 kila moja, najua. Baada ya wiki mbili jicho litazoea.

Na Q usiiogope, sisi watu wa pwani tuna fungu letu pale. QADI ni kadhi, QIBLA ni kibla, TALAQ ni talaka, zote zinakubalika na zote hazitaki U. Ongeza na UJAMAA, MATATU, HARAMBEE, KIKOI, MZEE, maneno ambayo mpinzani kutoka Ulaya anayakariri usiku na wewe umeyanyonya na maziwa.

Mamako anakusalimu, anasema ule vizuri na usilale na simu usoni. Bodi sijaitoa mezani. Nimeiacha vilevile kama ilivyokuwa zamu ile, AMP iko pale, mfuko una herufi zake sawasawa na karatasi yako, na V yako iko rakini na RETINA. Ukija Jumamosi tutaicheza kutoka hapo, mimi nashika upande wa mwenzako, mara ya kwanza unaweka RAVINE, mara ya pili VAMP, tunarudia hata mara kumi ukitaka, uone mwenyewe.

Babako