Kabla ya kuuliza uzito wa kramponi, leteni buti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala iliyotoka wiki iliyopita kwenye gazeti hili, iliyowashauri wapandaji wa Mlima Kilimanjaro watafute kramponi nyepesi kuliko zote zilizopo sokoni. Mimi nakodisha vifaa vya mlima hapa Moshi: mifuko ya kulalia, makoti, fimbo, gaita (vitambaa vya kufunika kifundo na mguu juu ya buti) na hizo kramponi zenyewe, yaani meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti ili mtu asiteleze kwenye barafu. Nakubaliana na mwandishi kwamba mlimani kila gramu ina gharama yake. Nisichokubali ni kuanza na gramu. Ukianza na uzito utapata kitu chepesi kinachochomoka mguuni saa kumi na moja alfajiri chini ya Stella Point, pale ukingoni mwa kreta, shimo la volkano la kileleni, huku vidole vimekufa ganzi na huwezi kukifunga tena.

Anza na buti. Buti nyingi zinazopanda Kilimanjaro ni za kutembelea, soli yake inakunjika, na kwa njia zetu za kawaida zinatosha kabisa. Lakini kramponi zenye klipu ya kubana kisigino zinataka buti yenye ukingo mgumu nyuma ya soli, mahali pa klipu kung'ata. Zile zenye waya mbele na klipu nyuma zinataka ukingo huo mbele na nyuma, pamoja na soli isiyopinda hata kidogo. Buti ya kutembelea haina hayo. Inayoifaa ni kramponi ya mikanda, yenye kikapu cha plastiki mbele na nyuma na upau wa katikati, unaounganisha sehemu hizo mbili, unaoweza kupinda kidogo. Ukifunga upau mgumu chini ya soli inayokunjika, kila hatua inaukunja bila wenyewe kutaka, na mwisho wake ni kukatika au kuchomoka.

Msimu uliopita kampuni moja ilimtuma kijana dukani kwangu. "Shikamoo mama. Nipe jozi nne za kramponi, zile nyepesi, saizi ya kawaida." Nikamuuliza buti ziko wapi. "Za wageni ziko hotelini, mama." Nikamwambia, "Mwanangu, kramponi haina saizi ya kawaida. Rudi uniletee buti, hata moja moja ya kila mgeni." Alinuna, lakini alirudi nazo. Buti mojawapo ilikuwa pana mbele kiasi kwamba haikuingia kwenye kikapu chochote nilichokuwa nacho, na mgeni yule ilibidi akodi buti nyingine. Afadhali hilo ligundulike Moshi, kwenye meza yenye taa, kuliko kambi ya Barafu, mita 4,673 juu ya usawa wa bahari, usiku wa kupanda kileleni.

Kipimo ni rahisi na mteja anaweza kukifanya mwenyewe. Rekebisha urefu wa upau, ingiza buti, usifunge mkanda wowote, kisha inua buti juu uitikise. Kramponi ikibaki imeshika, inakaa. Ikianguka, haikai, na mkanda hautaiponya. Meno mawili ya mbele yatokeze mbele ya ncha ya buti kama sentimita mbili. Bizimu zikae upande wa nje wa mguu, kwa sababu zikikaa ndani mguu mmoja utazinasa kwa mwingine, na mtu ataanguka kifudifudi kwenye mteremko. Mikanda mirefu inayoning'inia ichomekwe au ikatwe. Na chini lazima pawe na ile plastiki inayozuia theluji isigande kati ya meno. Bila hiyo, theluji ya mchana iliyoanza kulainika hujikusanya chini ya mguu kama donge la ugali, mtu akawa anatembea juu ya donge na meno hayagusi chochote.

Sasa nije kwenye wepesi wenyewe, ambao mwandishi ameupenda sana. Kramponi za alumini zina uzito wa nusu kilo na ushee kwa jozi. Za chuma zenye meno kumi na mbili hukaribia kilo moja. Tofauti hiyo mguuni inasikika, sikatai. Lakini alumini ni laini, na mwamba huila haraka. Pale Western Breach, njia ya mwinuko mkali upande wa magharibi inayoingia kreta, juu ya kambi ya Arrow Glacier, mtu anakanyaga theluji hatua chache, kisha mwamba, kisha kokoto zilizogandishwa pamoja, kisha theluji tena. Hakuna nafasi ya kuvua na kuvaa kila baada ya dakika tano. Jozi za alumini zinazopita njia hiyo zinarudi kwangu meno yamekuwa butu, na alumini huwezi kuinoa mara nyingi, maana kila ukiipiga tupa unaondoa nyama ambayo haikuwa nyingi tangu mwanzo. Kwa njia hiyo mimi natoa chuma tu, hata mteja akilalamika. Ni njia isiyotaka mzaha. Januari 2006 mawe yaliporomoka pale yakaua Wamarekani watatu, njia ikafungwa, na ilipofunguliwa tena waongozaji waliendelea kusisitiza ipandwe mapema sana, kabla jua halijalegeza barafu inayoyashika mawe. Kramponi, nzito au nyepesi, haimzuii mtu kupigwa na jiwe. Inachofanya ni kumwezesha kupita haraka bila kuhangaika na miguu, na hapo kupita haraka ndiyo kinga.

Alumini ina mahali pake. Ni theluji tupu, isiyo na mawe, mteremko wa wastani, na mtu anayeibeba mgongoni siku nzima ili aivae saa moja. Anayekwenda kilele cha Margherita huko Rwenzori, mita 5,109, mpakani mwa Uganda na Kongo, namshauri tofauti. Kule anatembea siku kadhaa kwenye matope na buti za mpira, kisha anafika kwenye barafu ya kudumu, ngumu, yenye mwinuko mkali. Barafu ngumu inataka chuma chenye meno yaliyonolewa, na inataka buti ngumu kuliko hizi za njia ya Marangu ya Kilimanjaro. Vijana wa Dar es Salaam na Arusha wanaopita kwangu wakielekea Kasese, mji wa Uganda ulio chini ya Rwenzori, huwa nawaambia wabebe kilo ile bila kunung'unika.

Kuna kitu cha tatu ambacho makala hayakukitaja kabisa, na ndicho ninachotaka kukisemea zaidi: spaiki. Ni mpira unaovutwa juu ya buti, na chini una minyororo yenye meno mafupi, kama sentimita moja. Jozi ina uzito wa gramu 300 hadi 400. Inaingia buti karibu yoyote, haina upau wala klipu, na mtu anaivaa kwa dakika moja. Kwa Kilimanjaro, kwenye njia za Machame, Lemosho, Rongai na Marangu, ndiyo inayotosha mara nyingi. Hata kileleni Lenana, mita 4,985, Mlima Kenya, mwamba ukiwa umepakwa theluji asubuhi, spaiki inatosha kwa anayejua kutembea. Lakini haina meno ya mbele, na mpira huteleza pembeni ya buti mteremko ukizidi nyuzi 30 hivi. Anayeipeleka Western Breach kwenye theluji ngumu amebeba kifaa cha njia nyingine.

Nimesikia watu wakisema, barafu ya Kilimanjaro inaisha, haya yote ya nini? Ni kweli inaisha. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 imekwenda. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, walipofika kileleni Oktoba 1889, walikata ngazi kwa shoka kwenye barafu ambayo leo haipo tena. Lakini wanaoteleza siku hizi hawatelezi kwenye barafu ile kongwe. Wanateleza kwenye theluji ya masika na ya vuli, iliyoanguka jana, ikakanyagwa na mamia ya miguu, ikalainika mchana na kuganda usiku. Kati ya Stella Point na Uhuru, mita 5,895, njia hiyo alfajiri huwa inang'aa. Upande mmoja ni kreta, upande wa pili ni mteremko mrefu. Aprili, Mei na Novemba simruhusu mteja atoke dukani bila angalau spaiki.

Na hapa ndipo roho yangu inapouma, Mhariri. Makala yote yalimzungumzia mgeni. Mgeni avae nini, mgeni abebe nini. Wagumu, yaani wapagazi wanaobeba mizigo, hawakutajwa hata kwa mstari mmoja. Ni kweli kwamba wengi wao hawapandi kileleni. Hubaki kambi ya Barafu, wakafunga kambi na kuteremka kwa njia ya Mweka. Lakini kundi likilala kambi ya kreta, iliyo ndani ya kreta karibu na kilele, wagumu hupita Stella Point au Western Breach na hema, jiko, gesi na chakula, kichwani na mgongoni. Naona wanachovaa, maana wanapita dukani kwangu kwenda getini: raba zilizoisha soli, au buti za mtumba zisizolingana na mguu. Mgeni ana kramponi, ana fimbo mbili, ana mwongozaji pembeni, na mkoba wake ni mwepesi. Mgumu ana kilo ishirini, ambazo ndizo kikomo kinachopimwa getini, na anakanyaga theluji ileile kwa raba.

Kampuni zinaniambia vifaa vya wafanyakazi ni gharama na vinaongeza mzigo. Gramu 350, Mhariri. Mtungi mmoja mdogo wa gesi una uzito zaidi ya huo. Spaiki ninazozikodisha zikitunzwa, yaani zikaoshwa, zikakaushwa kivulini na mpira usiachwe juani, zinadumu misimu kadhaa. Kwa kundi la wagumu wanane wanaopitia kreta, jozi nane zinaingia kwenye mfuko mmoja wa sandarusi. Naomba kampuni ziziandike kwenye orodha ya vifaa vya lazima kwa kila mfanyakazi anayevuka mita 5,000 kukiwa na theluji, na naomba Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro izikague getini, kama mizigo inavyopimwa.

Kuwa nazo peke yake hakutoshi. Vaa ukiwa mahali tambarare, umekaa, kabla hujafika pabaya, maana katikati ya mteremko huwezi kusimama mguu mmoja ukafunga mkanda. Tembea miguu ikiwa imeachana kidogo, usije ukanasa suruali au gaita. Shusha mguu bapa, meno yote yaguse kwa pamoja. Wengi huweka ukingo wa soli kama walivyozoea kwenye kokoto, na hapo nusu ya meno iko hewani. Theluji ikiganda chini, gonga buti kwa fimbo. Ukiteremka, kunja magoti na uelemee mbele kidogo kuliko woga unavyokutaka. Na usijaribu kuteleza kwa makalio ukiwa umevaa kramponi, hata kama theluji inakuita. Jino moja likishika, mwili unaendelea kwenda na mguu unabaki, na kinachovunjika ni kifundo. Ukifika kwenye kokoto kavu, vua. Haya mtu anajifunza kwa nusu saa, lakini ajifunze chini, na ajifunze na buti zake.

Kwa hiyo, kwa mgumu yeyote anayekwenda kambi ya kreta msimu huu wa vuli: Jumapili baada ya ibada duka langu liko wazi, na kumfundisha mtu kufunga spaiki na kramponi silipishi. Njoo na buti utakazovaa, hata kama ni za mtumba. Kama ni raba, njoo nazo pia, tuone kama spaiki inakaa, na kama haikai nitakuambia usoni kwamba usipite Stella Point nazo.

Mama mkodisha vifaa vya mlima,
Moshi