Sokwe wa angani kwa dola 16,000

Mhariri,

Salamu kwako na wasomaji wote. Naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni kuhusu muvi. Kila nikikaa na vijana stori ni grafiksi tu, mara hii imekula mamilioni ya dola, mara ile vyombo vya anga utadhani vya kweli, na mimi nanyamaza maana nikisema ninachoangalia usiku watanicheka. Basi leo nasema. Naangalia zile muvi za Kimarekani za miaka ya 1950, nyeusi na nyeupe, viumbe wa sayari nyingine wanatuvamia, tena zile zilizotengenezwa kwa hela za kuungaunga.

Chukua Robot Monster ya mwaka 1953. Mwongozaji, Phil Tucker, alitaka roboti kutoka angani, sasa roboti ni gharama na yeye mfukoni hana kitu, akamkumbuka jamaa mmoja George Barrows ambaye alizoea kuigiza sokwe na suti anayo ya kwake mwenyewe. Wakamvalisha manyoya yale, kichwani wakambandika kofia kama ya mzamiaji yenye antena, imeisha hiyo, roboti limepatikana! Picha nzima siku 4, gharama kama dola 16,000. Makao ya adui ni pango la Bronson Canyon kule Los Angeles, na mtambo wake wa mawasiliano umekaa juu ya meza ya kawaida tu unatoa mapovu. Mapovu ya sabuni, kama yale wanayopuliza watoto. Na mashine ya mapovu imetajwa kwenye orodha ya majina ya walioshiriki picha kabisa, kama vile nayo ni msanii.

Nilimuonyesha mpwa wangu kwenye simu, akacheka hadi machozi. Lakini tulipofika pale dubwana limeshamaliza dunia nzima, wamebaki watu 8 tu, linaamriwa na mkubwa wake liwamalizie na hao, nalo linasitasita kwa sababu limempenda binti mmojawapo, dogo akatulia. "Sasa atafanyaje, mjomba?" Uso hauonekani hata kidogo, mtu yuko ndani ya manyoya anajikokota kilimani, na bado unamuonea huruma. Hapo ndipo zinaponimaliza mimi. Hela ilikosekana kila mahali ila aliyetengeneza hakuwa anatania, alimaanisha kabisa.

Mwongozaji mwingine, Ed Wood, naye na picha yake Plan 9 from Outer Space ndio usiseme. Bela Lugosi, yule mkongwe wa Dracula, alifariki Agosti 1956, Wood amebaki na vipande vichache tu vya picha alivyomrekodi akiwa hai. Mwingine angeahirisha, yeye akamchukua tabibu wa viungo wa mkewe azibe pengo la Lugosi, hata hawafanani, akamwambia ajizibe uso kwa joho mwanzo mwisho. Makaburi yanatikisika, rubani anaendesha ndege mbele ya pazia kama la bafuni, na mtu anakimbizwa mchana akitokeza upande wa pili ni usiku. Mwaka 1980 ikapewa cheo cha picha mbaya kuliko zote, halafu mwaka 1994 Tim Burton akatengeneza filamu kuhusu huyo huyo Wood, na Martin Landau aliyeigiza kama Lugosi akaondoka na Oscar. Sasa nani kamcheka nani hapo?

Ombi langu kwa vituo vyetu vya televisheni, badala ya kurudia tamthilia ile ile mara ya nne, Jumamosi usiku tupeni hizi. Ni fupi, nyingi saa moja na kitu tu, na si za kumtisha mtoto. Mwenzenu nimeshaingia gharama, dogo anataka ile ya makaburi yanayotikisika wikiendi hii na bando la kwangu.

Mpenzi wa picha za zamani,
Tanga