Utafiti wa mtaa unaobadilika uwafuate na waliohama

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nitoe maoni kuhusu namna tafiti za mitaa ya mijini zinavyofanywa, na hasa namna matokeo yake yanavyosomwa. Mtaa mkongwe unapoanza kubadilika, nyumba za chini zikivunjwa na maghorofa kupanda, haichukui muda kabla ya kutokea ripoti yenye ramani ya matumizi ya ardhi katika kurasa za mwanzo na majedwali ya idadi ya watu katika kurasa za mwisho. Kwa ripoti hiyo huamuliwa mambo mazito: barabara ipite wapi, shule iongezwe madarasa au ifungwe, viwanja gani viruhusiwe kuwa vya biashara. Ramani na majedwali hayo yanaweza kuwa sahihi kwa kila tarakimu na bado yakaficha jambo lenyewe lililotafutwa, yaani mabadiliko hayo yamemfaidi nani na yamemwondoa nani. Hufichika kwa sababu ardhi na watu huchunguzwa kila kimoja kivyake, na kwa sababu wanaohojiwa ni wale tu waliobaki.

Tuseme kipato cha wastani cha kaya katika mtaa fulani kimepanda kati ya hesabu mbili zilizopishana miaka kumi. Wengi watasoma kwamba wakazi wamenufaika. Hata hivyo, wastani huo unaweza kupanda kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo: huenda wakazi wale wale wamepata kazi bora, au huenda wameshindwa kodi ya pango wakahama, na vyumba vyao vikachukuliwa na watu wenye uwezo zaidi. Katika hali ya pili hakuna hata mkazi mmoja aliyeongezewa kipato, lakini jedwali litakuwa lile lile, na kiongozi atakayelishika mkononi atapongeza maendeleo ambayo waliokuwa wakiishi pale hawakuyaonja. Kosa hili si la hesabu, kwani hesabu imefanywa vizuri. Ni kosa la kuufanya mtaa kuwa mtu mmoja anayekua, ilhali mtaa ni watu wanaoingia na kutoka.

Mwaka 1964 mwanasosholojia Ruth Glass alieleza hali hiyo alipoandika juu ya London, ambako mitaa ya wafanyakazi ilikuwa ikiingiwa, mmoja baada ya mwingine, na watu wa tabaka la kati, nyumba za kawaida zikikarabatiwa na kuwa makazi ya gharama kubwa, hadi wakazi wa awali wote au karibu wote wakaondoka. Mtafiti ambaye angepita katika mitaa hiyo akijaza ramani ya matumizi ya ardhi peke yake asingeona lolote, kwa kuwa kilichoandikwa makazi mwanzoni kingeandikwa makazi mwishoni pia. Kinyume chake hutokea vilevile. Ghala la zamani hugawanywa vyumba na kupangishwa kwa familia nyingi, na ramani ikaendelea kuliita ghala mwaka hadi mwaka kwa sababu sura ya mbele haijabadilika.

Hapa niseme kidogo kuhusu kazi ya uwandani, kwa sababu ndiko mambo mengi yanakopotea. Katika jengo la ghorofa tatu lenye maduka chini, ofisi katikati na wapangaji juu, mtafiti aliyeagizwa kuandika matumizi makuu ya kiwanja ataandika biashara, na kwa neno hilo moja wapangaji wote wa juu wanafutika kwenye ramani. Picha za satelaiti, ambazo zimerahisisha mno upimaji, huona paa. Haziwezi kueleza chini ya paa kuna kaya moja au kaya nane. Nyumba za uani hazionekani na mtu anayehesabu akiwa barabarani. Kiwanja kinachoitwa kitupu mara nyingi kina watu wanaokitumia kila siku kwa kuuza, kucheza au kuegesha magari, na kikishaandikwa kitupu ni rahisi kukigawa bila kumuuliza yeyote. Dawa yake inajulikana, ingawa ina gharama: matumizi yaandikwe kwa kila ghorofa, mtafiti aingie hadi uani, na namba ya kiwanja iliyo kwenye ramani iwe ndiyo iliyo kwenye dodoso la kaya, ili siku moja mtu aweze kuuliza ni kaya ngapi ziliishi katika viwanja vilivyogeuzwa kuwa vya biashara, naye ajibiwe.

Kuunganisha hivyo si jambo jipya. Mwaka 1895 wakazi wa Hull House, nyumba ya huduma kwa jamii mjini Chicago, walichapisha ramani mbili za eneo lao zilizopakwa rangi kiwanja kwa kiwanja, moja ikionyesha asili ya familia na nyingine ujira wao wa wiki. Mwaka uliofuata mwanasosholojia W. E. B. Du Bois alianza kupita nyumba kwa nyumba katika Kata ya Saba ya Philadelphia, akiwahoji wakazi weusi kuhusu kazi, umri, mahali walikozaliwa, kodi wanayolipa na elimu yao, na mwaka 1899 akachapisha matokeo pamoja na ramani. Mjini London, mfanyabiashara Charles Booth, aliyeanza utafiti wake wa umaskini mwaka 1886, alipaka rangi mtaa kwa mtaa kulingana na hali ya maisha, kisha baada ya takriban miaka kumi akairudia ramani yake, wasaidizi wake wakitembea mitaani pamoja na askari polisi. Mimi nathamini zaidi kurudia huko. Ramani moja haiwezi kuonyesha mabadiliko hata ikipakwa rangi namna gani.

Na kurudia kuna masharti yake. Mipaka ikisogezwa kati ya hesabu ya kwanza na ya pili, kata ikigawanywa au maeneo ya kuhesabia watu yakichorwa upya, tofauti itakayoonekana inaweza kuwa ya mipaka tu. Maana ya kaya nayo lazima ibaki ile ile. Sensa ya kila miaka kumi, pamoja na umuhimu wake wote, ni ya polepole mno kwa mtaa ambao wapangaji wake wanaweza kubadilika wote katika miaka mitatu.

Lakini hata utafiti uliorudiwa kwa uangalifu utawakosa waliohama, wasipotafutwa kwa makusudi. Kila anayebaki aulizwe ameishi hapo tangu lini, alitoka wapi, ni mpangaji au mwenye nyumba, na nani aliishi katika chumba hicho kabla yake. Wapangaji waliohojiwa mara ya kwanza waombwe, kwa hiari yao, namna ya kupatikana watakapohama, na wafuatwe huko waliko ili ijulikane kama wamekwenda mbali zaidi na kazi zao, kama watoto wamebadili shule, kama kodi imepungua kweli. Naelewa kwamba wengi hawatapatikana. Hao nao waandikwe kwenye ripoti kuwa hawakupatikana, badala ya kufutwa kimya kimya kana kwamba hawakuwahi kuishi pale.

Wako wanaoogopa dodoso, na wana sababu. Nchini Marekani, katika miaka ya 1930, shirika la serikali la Home Owners' Loan Corporation lilichora ramani za mikopo za miji zaidi ya 200, na mitaa yenye wakazi weusi ikapakwa rangi nyekundu kuwa ya hatari kwa mkopeshaji, rangi na asili ya wakazi vikihesabiwa miongoni mwa kasoro za mtaa. Wakazi walipimwa kwa makini, na kipimo hicho kikatumika dhidi yao. Kwa hiyo majina yatengwe na majibu, majedwali ya maeneo madogo yasichapishwe pale ambapo kaya inaweza kutambulika, na wakazi waonyeshwe matokeo kabla hayajafika mezani kwa wanaogawa viwanja, wakiwa na haki ya kusema hapa mmekosea.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti lako linapochapisha habari kwamba mtaa fulani umeendelea au umedorora kwa mujibu wa utafiti, waandishi wako waeleze mipaka iliyotumika, tarehe za hesabu zote mbili na kama wapangaji walihojiwa au wenye nyumba peke yao, na wawaulize watafiti swali ambalo ripoti nyingi haziligusi: waliokuwa wakiishi hapo katika hesabu ya kwanza, sasa wako wapi?

Wako katika ujenzi wa miji,
Msomaji wa gazeti lako