Kwa mpwa wangu anayeona Grieg ni wa watoto

Mpwa wangu mpendwa,

Natumai u mzima. Huku hatujambo sote.

Mama yako amenisomea ujumbe wako. Mwalimu wa piano amekupa vipande vya Edvard Grieg, mtunzi wa Norway, vya kurasa mbili tatu, na wewe unaona amekurudisha darasa la chini. Unamtaka Tchaikovsky, yule mtunzi Mrusi, unataka muziki wa kutikisa ukumbi. Ningeweza kukupigia simu, lakini nawajua vijana wengi wapiga kinanda makanisani, wenye vidole vyepesi na masikio mazuri, wanaowaza hivyo hivyo. Ndiyo maana nakuandikia hadharani, nao wasome.

Kabla hujamkatalia mwalimu wako, sikiliza santuri moja. Aliirekodi mpiga piano Emil Gilels mwezi Juni 1974, ndani ya kanisa la Jesus-Christus-Kirche, Berlin Magharibi, kwa kampuni ya Deutsche Grammophon. Ina vipande 20 vya Grieg kutoka mkusanyo wake wa Lyriske stykker, yaani vipande vifupi vya piano vyenye hisia za wimbo, na siku hizi inapatikana kirahisi kwenye intaneti.

Usidhani Gilels alikimbilia vidogo kwa kushindwa vikubwa. Alizaliwa Odessa mwaka 1916, akasoma Moscow kwa mwalimu Heinrich Neuhaus, aliyemfundisha pia mpiga piano mashuhuri Sviatoslav Richter. Mwaka 1938 alishika nafasi ya kwanza katika shindano la Eugène Ysaÿe kule Brussels. Alipokwenda Marekani kwa mara ya kwanza, mwaka 1955, alijitambulisha kwa konseto (muziki wa piano pamoja na okestra) ya kwanza ya Tchaikovsky, hiyo hiyo unayoililia wewe. Na miaka miwili kabla ya kumrekodi Grieg alikuwa amerekodi konseto zote mbili za piano za mtunzi Mjerumani Brahms akiwa na kiongozi wa okestra Eugen Jochum na okestra ya Berliner Philharmoniker. Zisikilize nazo siku moja. Sauti yake pale ni ya chuma, inasimama mbele ya okestra nzima bila kumezwa.

Mtu huyo, akiwa na miaka 57, ndiye aliyekaa na vipande ambavyo watoto wa Ulaya hupewa na walimu wao. Akavipiga kwa uzito ule ule wa moyo aliompa Brahms. Sisemi uzito wa mkono. Nguvu zote ziko pale, unazisikia zikizuiwa, na hicho ndicho ninachotaka ukisikie.

Grieg alitoa vitabu 10 vya vipande hivi, jumla yake 66. Cha kwanza kilitoka mwaka 1867, mwaka aliomwoa Nina Hagerup, na cha mwisho mwaka 1901. Hiyo ni karibu maisha yake yote ya kazi. Vilinunuliwa sana, vikapigwa sebuleni kote Ulaya, na kupendwa huko kukaviponza: wakubwa wa muziki wakaviona vyepesi. Mtunzi Mfaransa Debussy aliandika mwaka 1903 kwamba muziki wa Grieg una ladha ya peremende ya rangi ya waridi iliyojazwa theluji. Sentensi hiyo imerudiwa mno, na kwa maoni yangu imewadhulumu wasikilizaji wengi kuliko ilivyomdhulumu Grieg.

Anza na Arietta, kipande cha kwanza cha kitabu cha kwanza. Mizani 23 tu, yaani vipimo 23 vya mapigo. Utaipiga vizuri siku ya kwanza, kisha utagundua hujaipiga. Kuna sauti tatu mle: wimbo juu, besi chini, na katikati noti zinazotiririka, zikipokezana kati ya mkono wa kulia na wa kushoto. Wewe umekulia kwenye kwaya, unajua inavyokuwa pale sauti ya kwanza inapoimba na tenori hawataki kushuka. Hapa kwaya nzima ni vidole vyako kumi, na kidole gumba ndicho tenori mkaidi. Kwa Gilels kila sauti ina uzito wake tangu noti ya kwanza hadi ya mwisho, wala hakuna inayomkanyaga mwenzake. Huo ni ufundi mgumu, mjomba. Hauonekani kwa macho, ndiyo maana hauna makofi.

Halafu nenda kwenye Kipepeo. Wapiga piano wengi hukichukua kama nafasi ya kuonyesha kasi. Gilels anakiacha kisite, kiinuke, kitue, kibadili mawazo. Ukitaka kulinganisha, Grieg mwenyewe alikirekodi Paris mwaka 1903. Mikwaruzo ni mingi katika rekodi ile, lakini utasikia jinsi mwenye kipande anavyoyachezea mapigo kwa uhuru, hafuati mstari ulionyooka hata kidogo. Wawili hao hawafanani, na wote wawili wananiridhisha.

Kipande ninachokirudia kuliko vyote ni Hamu ya Nyumbani, kutoka kitabu cha sita. Kinaanza kwa E ndogo (E minor), mwendo wa taratibu, wimbo wenye huzuni. Ghafla kinageuka kuwa E kubwa (E major), juu kabisa kwenye kinanda, ngoma ya kijijini yenye haraka. Hapo ndipo wapigaji wengi wanapochangamka kupita kiasi. Gilels anaipiga ngoma ile kwa sauti ndogo mno, kwa mbali, kama inavyosikika kwa mtu asiyeweza kuifikia. Furaha yenyewe inakuwa ndiyo maumivu. Kisha E ndogo inarudi, na noti zile zile za mwanzo sasa zinauma zaidi, ingawa hakubadilisha chochote. Wewe unayesoma mbali na nyumbani hutahitaji mtu wa kukueleza.

Kuna jambo nisilokubaliana naye. Katika vipande vyake 20 hamna Til våren, ule wimbo wa kuikaribisha majira ya kuchipua, na siku zote nimeona pengo hapo. Lakini kukiacha nje Bryllupsdag på Troldhaugen, yaani Siku ya Harusi kule Troldhaugen, kipande maarufu kuliko vyote mkusanyoni, namuunga mkono. Kina shangwe nyingi, kingevifunika vingine vyote. Mtu mwenye mikono ile angeweza kukitumia kuwainua watu vitini. Akachagua Minueti ya Bibi, ngoma ndogo ya utulivu.

Santuri inaishia pale Grieg alipoishia, kwenye Kumbukumbu, kipande cha mwisho cha kitabu cha mwisho. Wimbo ni ule ule wa Arietta, baada ya miaka 34, ila sasa uko katika mapigo matatu, umekuwa valsi. Gilels haupigi kwa machozi wala hauburuti. Anaucheza.

Basi mwalimu wako mwambie ndiyo. Mwombe akuanzishie Arietta, wiki ya kwanza bila pedali kabisa, ili usijifiche. Piga sauti ya katikati peke yake mpaka usikie haina kigugumizi inapovuka kutoka mkono hadi mkono, ndipo uweke wimbo juu yake. Tchaikovsky atakungoja. Ukiwa tayari jirekodi kwa simu unitumie, hata kama piano ya hapo chuoni ina noti mbili zilizopoteza sauti.

Msalimie mwalimu wako.

Mjomba wako