Baba, ukipiga 999 sema uko wapi

Baba, mambo. Naandika hii nikiwa kwa kibanda ya geti huku Industrial Area, ni saa nane na kitu usiku, mwenzangu ameenda kuzunguka na tochi na mimi ndio nimebaki na redio na baridi. Utasoma asubuhi ukinywa chai, tafadhali usiruke mistari vile unarukanga ile ufahamu ya Kiswahili.

Dadako aliniambia. Usimguse, nilimuuliza mimi. Ati Jumamosi wewe na wale wavulana wa ploti ya juu mlichukua ile simu yangu ya zamani mkaweka spika mkapiga 999, mmoja akajifanya analia ati nyumba inaungua, halafu mkakata mkaanguka na kicheko. Jana sikukusemesha juu nilikuwa nachelewa matatu, na pia nilijua nikianza na hasira utaskia hasira peke yake.

Sasa wacha nikuambie hiyo namba ilitoka wapi, juu hapa usiku redio inafundisha mtu mambo mengi. Ilianza London mwaka wa 1937. Miaka miwili nyuma, 1935, nyumba ya daktari ilishika moto mtaa unaitwa Wimpole Street, wanawake watano wakafia ndani. Jirani aliona moto akapiga simu, lakini siku hizo kuita wazima moto ulipitia kwa opereta na simu yake ikapangwa foleni pamoja na za watu wa kusalimiana tu, yeye ameshika simu anangoja na moto anauona na macho yake. Alikasirika akaandikia gazeti, maneno ikafika serikalini, ndio ikatafutwa namba ya peke yake, ukiipiga king'ora kinalia na taa nyekundu inawaka pale kwa opereta ajue hii haiwezi ngoja zingine.

Jumamosi wewe ndio ulikuwa ile simu ya salamu iliyo mbele kwa foleni. Sijui kama kuna mtu alikuwa nyuma yenu, na wewe hujui, hiyo ndio inaniuma. Na kando na hiyo ni kosa kisheria kupeleka habari ya uongo kwa polisi, na laini imesajiliwa na kitambulisho changu, kwa hivyo wangekuja kunibeba mimi hapa getini na unifomu.

Lakini nisijifanye malaika. Kabla dadako azaliwe tulikuwa tunakaa Pipeline, fulo ya tatu, wewe ulikuwa unatambaa. Jioni moja mtungi wa gesi wa jirani ukashika, mtu alikuwa amefunga regyuleta vibaya na mshumaa unawaka hapo, juu stima zilikuwa zimepotea. Nilikubeba mgongoni nikapiga simu nikishuka ngazi, ikashikwa, nikapiga nduru "moto! moto! kujeni haraka watu wanaungua!" nikakata, simu nikaitupa kwa karai ya nguo na nikatoka nje nikijiona shujaa, nikiambia kila mtu nimeita, wanakuja. Vijana wa ploti walizima na mchanga na blanketi za maji. Baadaye nikatoa simu kwa karai, nimepigiwa mara nne. Yaani walikuwa wananitafuta wajue ni wapi! Sikuwa nimesema Pipeline, sikuwa nimesema hata Embakasi. Nilikuwa nimesema moto, na Nairobi ni kubwa.

Ndio maana nakwambia kitu ya kwanza kutoka kwa mdomo wako ikuwe mahali. Simu inaweza kuzima katikati, mtandao unaweza kupotea, lakini kama umesema mahali kuna kitu cha kuanzia. Na hapa kwetu mahali ni kazi, hatuna mambo ya barabara fulani nyumba namba fulani, sisi tuna "hapo kwa mama mboga" na mama mboga wako Nairobi nzima. Anza na kubwa ushuke: Nairobi, Umoja, Innercore, halafu stegi, halafu kanisa au shule iliyo karibu, halafu ploti, halafu fulo na mlango. Tumia vitu havitembei. Boda hutembea. Na geti yetu usiseme ya buluu, ilipakwa kijani Krismasi na wewe bado unaambia watu buluu.

Halafu sema ni nini na watu wangapi, kisha unyamaze ujibu maswali. Atauliza kama mtu anapumua, kama damu inatoka, kama kuna mtu amebaki ndani, usimwambie "kujeni tu". Usikate mpaka akwambie kata. Ikiita sana bila kushikwa vumilia kidogo, na simu iwe mkononi juu wanaweza kurudisha, mimi ndio mfano. Kama mko wawili mmoja aende asimame barabarani aonyeshe gari njia.

Usipige ukiwa ndani ya moto. Ukiskia harufu ya gesi usiwashe taa, usizime pia, fungua mlango, shika dadako, toka nje, simu ni ya nje. Na piga nduru pia, keteka wa ploti na majirani ndio wazima moto wa kwanza wa huu mji, hiyo hata usibishane na mimi.

999, 112 na 911 zote ni za polisi, kwa hivyo hata ile umezoea kuona kwa muvi inafanya huku. Hazikuli kredo. Simu yangu ikiwa imefungwa na namba ya siri kuna pahali pameandikwa dharura kwa skrini, unapitia hapo. 1199 ni ya Red Cross, hao wana ambulensi. Stima zikipotea hiyo si dharura, hiyo ni Nairobi, lala.

Na kuna 116. Hii ni ya watoto, ni bure, mchana na usiku. Mtu akikugusa vibaya wewe au dadako, akikutisha, akikwambia ni siri yenu, unapiga hiyo. Hata kama ni mtu naheshimu. Hata kama ni mtu huleta mkate kwetu. Huhitaji kuniomba ruhusa, na sitakuuliza mbona hukuanza na mimi. Nimeandika hii mistari nikafuta nikaandika tena, sasa nimeiacha.

Kuna ugali na sukuma kwa sufuria ya kufunika, mpashie dadako kabla ya shule. Halafu nitumie voisi, jifanye unaongea na opereta mtungi umeshika, mwelekeze kutoka stegi mpaka kwa mlango wetu. Nitasikiza kwa matatu nikirudi. Ukisema "huku kwetu" ama "geti ya buluu" unarudia.

Mamako